Baiskeli ya matairi manene imenirudishia usingizi, lakini mzee wangu hataki kuisikia

Shangazi, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Kisii, na kwa miaka kadhaa sasa tunaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye makao yao. Naingia saa tisa alasiri, natoka saa tano usiku, na wa zamu ya usiku asipofika naulizwa hata kabla sijavua sare: "Unaweza kuunganisha?" Naunganisha hadi saa moja asubuhi. Mzee wangu, baba watoto, anafanya kazi ghalani tangu alfajiri. Kuna wiki tunaonana mlangoni tu, mmoja akiingia na mwingine akitoka.

Tangu mwaka jana mwili umenigomea. Shingo imekaza, simu ikilia kifua kinabana, nikilala nashtuka saa nane usiku na hesabu zinaanza zenyewe: kodi ya nyumba, karo ya mdogo wangu, dawa za mama, mchango wa matanga ya huyu na ya yule kwenye kikundi cha WhatsApp. Nyumbani nimekuwa mtu wa kufoka. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia kitindamimba wangu akimnong'oneza kaka yake, "Mama ameamkaje leo?" kabla hajathubutu kuingia jikoni. Maneno hayo bado yananiuma.

Nilienda kliniki. Daktari akasema presha imepanda kidogo, dawa bado, ila nipunguze chumvi, nifanye mazoezi na nipunguze mawazo. Mawazo nitayapunguzia wapi, Shangazi, nami ndiye ninayeyalipia?

Mwishoni mwa Septemba mwenzangu wa kazini, mama wa Kimarekani aliyenizidi umri, akanichukua hadi hifadhi ya Elm Creek, pale Maple Grove. Alikuja na baiskeli mbili nyuma ya gari, zile zenye matairi manene kuliko ya pikipiki. Baiskeli nilijifunzia utotoni kwa Black Mamba ya kaka, nikipitisha mguu ndani ya fremu kwa sababu kiti sikukifikia. Nilidhani nimeshasahau. Tuliingia msituni polepole, majani mekundu na ya manjano yamefunika njia yote, yanachakarika chini ya tairi. Mbele nikaona mzizi mnene kama mkono wangu. Nikajikaza nikijua naanguka. Tairi likaupanda, likaushuka, nami nikapita. Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Usiku ule nililala hadi kengele ya asubuhi ilipolia.

Tangu hapo tunaenda Jumanne asubuhi watoto wakiwa shuleni. Tatizo ni mzee wangu. Hakuambiwa na mimi, aliambiwa kanisani na mtu aliyeniona nikiteremsha baiskeli garini. Anasema mke wa mtu hatokomei porini na baiskeli wakati nyumbani Kenya kuna watoto wamefukuzwa shule kwa kukosa karo. Nilipotaja kwamba ningependa kununua yangu, ya dola 1,400, alinikumbusha kwamba hizo ni mabati ya nyumba ya mama. Anasema kama nimechoka, nilale.

Na baridi hiyo inakuja. Majani yakilowa yanateleza, na nasikia Novemba wawindaji wa paa wanaingia msituni na bunduki. Niache? Ninunue? Sitaki ugomvi nyumbani, lakini nikiwaza kurudi nilikokuwa naogopa.

Mama Wawili, Brooklyn Park

SHANGAZI ANAJIBU

Usiache, mwanangu. Mtu aliyekuwa akishtuka saa nane usiku na sasa analala mpaka kengele ilie amepata kitu cha kukitunza. Tunachotafuta ni namna ya kukitunza bila kuvunja nyumba, bila kuvunja mkono, na bila kugusa pesa za mabati.

Kwanza hicho kifua. Umekitaja kwa maneno machache ukapita, mimi sipiti. Rudi kliniki umwambie daktari hasa hivyo, kwamba simu ikilia kifua kinabana, maana mwenye presha hapaswi kujipa jibu mwenyewe. Na kikibana pamoja na jasho, kukosa pumzi, au maumivu yanayokimbilia mkononi au tayani, piga 911 hapo hapo, usisubiri zamu iishe.

Sasa, kwa nini msitu ulikusaidia wakati kitanda kilishindwa? Angalia kazi yako. Jioni nzima sikio lako liko kwenye kengele za watu wengine: huyu anataka maji, yule ameteleza bafuni, mwingine anamwita mumewe aliyefariki zamani. Mwili unajiandaa kukimbia, moyo unaenda mbio, homoni za adrenalini na kotisoli zinapanda, halafu hukimbii popote. Unaendesha gari kwenda nyumbani ukiwa bado umekaza. Kitandani mwili umelala lakini ile hali ya kungoja kengele haijaondoka, ndiyo maana hesabu zinakuamsha.

Njiani msituni mambo ni tofauti. Macho lazima yatazame mita chache mbele, pale penye mzizi, jiwe, kona na majani yaliyoficha shimo. Mikono iko kwenye usukani, miguu inasukuma, pumzi inashuka mpaka tumboni. Hakuna nafasi ya kuwaza karo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kundi moja lilitembea dakika 90 kwenye maeneo ya asili na jingine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita penye miti walisema mawazo yao yalipungua kujirudiarudia, na sehemu ya ubongo inayohusishwa na kujisononesha ilikuwa imetulia zaidi. Hao walitembea kwa miguu, hawakupanda baiskeli. Wewe umeongeza mazoezi ya mapigo ya moyo, nayo yana faida yake kwa presha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mara mbili za saa moja na robo zinatosha kabisa.

Na yale matairi yana kazi yake. Tairi la baiskeli ya kawaida ya milimani lina upana wa sentimita sita hivi. La kwako ni karibu sentimita kumi, na linajazwa upepo kidogo sana, kwa hiyo linabonyea na kuukumbatia mzizi badala ya kuugonga. Linakupunguza mwendo pia. Wengine hulalamika kwamba baiskeli hizi ni nzito na za polepole, nami nasema kwa mtu aliyechoka ulivyochoka wewe, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Nakuomba jambo moja tu: usiweke programu ya kuhesabu maili kwenye simu, usishindane na mwenzako, usijiwekee rekodi ya kuvunja wiki ijayo. Siku utakapoanza kuhesabu, utakuwa umejiongezea zamu.

Tuje kwenye vuli, maana uliuliza vizuri.

Upepo wa tairi upime ukiwa nje, kwenye baridi, si ndani ya nyumba. Hewa ikipoa hujikunja, na tairi ulilolijaza sebuleni litakuwa limelegea ukifika msituni. Kwenye njia ya udongo wengi hutumia kati ya psi (kipimo cha upepo wa tairi) 8 na 12, kwenye mchanga laini hushuka hadi 5 au 6, na barabarani kwenye lami hupandisha kidogo. Mishale ya pampu za kawaida haisomi vizuri chini huko, kwa hiyo nunua kipimo kidogo cha upepo mdogo, hakina bei kubwa. Ukibonyeza kwa dole gumba tairi linapaswa kuingia, lakini ukikalia baiskeli rimu isigonge jiwe unapopita juu yake.

Majani makavu yanapendeza, ya kulowa ni hatari, hasa yakilala juu ya mzizi. Funga breki kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ukiwa ndani ya kona juu ya majani, achia breki ya mbele na uache baiskeli ipite. Mzizi uvuke ukiwa umeukabili sawasawa. Ukiuvuka kwa upande gurudumu hukimbia. Na pale moyo unapokataa, shuka usukume. Hata wazoefu hushuka.

Mvua ikinyesha usiende, hata kama Jumanne ndiyo siku yako pekee. Njia nyembamba za Elm Creek hufungwa zikiwa na tope, na hali yake hutangazwa, kwa hiyo angalia kabla ya kutoka nyumbani. Novemba kuna mtego mwingine: asubuhi udongo umeganda na ni mgumu, saa sita jua linauyeyusha. Tairi likianza kuacha mfereji nyuma yako, geuza urudi, maana mfereji huo utakaa hapo hadi majira ya kuchipua na waliojitolea kuitengeneza njia watauona. Siku za namna hiyo muulize mwenzako kuhusu njia za River Bottoms, kule Bloomington, kando ya mto Minnesota. Ni tambarare, kuna mchanga ulioletwa na mafuriko, na matairi manene yanafurahi huko kuliko aina nyingine yoyote. Huko nako tope likiwa zito, rudini nyumbani.

Wawindaji ni kweli. Msimu wa bunduki wa paa Minnesota hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 6 Novemba. Vaa fulana ya rangi ya machungwa inayowaka, ya kuonekana kutoka mbali, wewe na mwenzako, na soma tangazo langoni: baadhi ya hifadhi hufungwa siku fulani kwa ajili ya uwindaji maalumu. Kupe nao usiwasahau. Kupe wa paa, anayeleta ugonjwa wa Lyme, akishakuwa mkubwa hutembea hasa vuli, mpaka baridi kali imzuie. Ukirudi jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele kabla ya kuoga.

Mavazi ni ya kupanga tabaka. Ndani kabisa usivae pamba, inashika jasho na kukugandisha. Sufu nyembamba au nguo ya michezo, juu yake sweta, juu kabisa koti la kuzuia upepo. Anza safari ukihisi baridi kidogo, maana baada ya dakika kumi utakuwa umepata joto. Kofia ngumu haina mjadala. Na simu iwe mfukoni mwako, usiiache kwenye mkoba garini.

Sasa mzee wako.

Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali ulipomwambia habari ya presha. Sijapaona. Mimi umeniambia daktari alisema nini, umeniambia mtoto alinong'ona nini jikoni, yeye anajua tu alichoambiwa kanisani, kwamba mke wake ameonekana akiteremsha baiskeli. Mwanamume anayesikia habari za nyumba yake kwa midomo ya wengine hujitetea kwa ukali, na karo na mabati ndiyo maneno yaliyokuwa karibu. Nadhani chini yake kuna hofu pia: wewe, msitu ambao haujui, watu wasio wa kwetu, na bunduki. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa.

Tafuta saa ambayo hakuna anayetoka wala kuingia, hata kama ni Jumapili baada ya kanisa ndani ya gari. Anza na presha. Mwambie, "Baba watoto, daktari alinipima, na sikukwambia kwa sababu sikutaka kukuongezea mzigo." Mwambie ulichosikia mlangoni mwa jikoni. Halafu ndipo useme habari ya usingizi. Akirudia kwamba uliyechoka ulale, mjibu kwa upole kwamba kulala unalala, kinachokushinda ni kubaki usingizini. Mpe jina la hifadhi, jina la mwenzako na saa ya kurudi, kila Jumanne, bila kuulizwa. Na mwalike. Akija mara moja akauona mzizi unavyopandwa, ataelewa kitu ambacho maneno yako hayatamfikishia.

Kama anaona ni mchezo wa watoto, mweleze ilikotoka. Kule Alaska, miaka ya 1980, watu waliotaka kuvuka njia za theluji kwa baiskeli waliona matairi membamba yanazama, wakaanza kuunganisha rimu mbili kuwa moja ili tairi likae pana. Na mwaka 2005 kampuni ya Surly, iliyoko hapo Bloomington, upande wa pili wa jiji mnaloishi, ilitoa Pugsley, baiskeli ya kiwandani iliyozipeleka hizi kwenye maduka ya kawaida. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaotaka kufika mahali pagumu na kurudi. Kwetu mtu mzima juu ya baiskeli hashangazi mtu. Ndizi, maziwa na wagonjwa wamebebwa kwa baiskeli miaka mingi. Wanaokusema kanisani waache. Ukiwajibu watapata cha kuongeza.

Kuhusu kununua, mzee wako ana hoja, na ningependa umpe hoja hiyo waziwazi. Mlishakubaliana mabati, basi mabati yatangulie. Mwenzako anakuazima, akichoka kuazima, kuna maduka ya baiskeli yanayokodisha. Majira ya baridi yakiisha wengi huuza zao, na iliyotumika vizuri unaweza kuipata kwa bei ya chini sana kuliko hiyo dola 1,400. Ukienda kuiona, jua kwamba imepita kwenye chumvi ya barabarani: kagua mnyororo na skrubu kama zimeshika kutu, shika mikono ya pedali uitikise kulia na kushoto kama inacheza, inua gurudumu ulizungushe uone kama rimu imepinda. Kisha fundi aiangalie kabla pesa haijatoka.

Limebaki jambo ambalo hukuniuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Baiskeli haiwezi kulipa usingizi unaouuza kwenye zamu za kuunganisha. Ukitoka kazini saa moja asubuhi baada ya kuunganisha, usiguse baiskeli siku hiyo, na ikiwezekana hata gari usiliendeshe. Macho yanachelewa na hutajua kwamba yamechelewa. Muulize msimamizi wako, kwa maandishi, kama kuunganisha ni lazima au ni ombi. Kama ni ombi, amua na mzee wako ni mara ngapi kwa mwezi unaweza kukubali, muandike, na mkifika hapo jibu liwe hapana hata kama anayeomba unampenda. Fanyeni vivyo hivyo na michango: kiasi kimoja kwa mwezi kwa matanga na harusi zote, kikiisha kimeisha, na mwenye kikundi aambiwe mapema. Dawa za mama na karo ya mdogo wako zikae kando, hizo si za kujadiliwa na kikundi.

Na kama unaogopa kupoteza mshahara kwa kwenda kliniki, tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka. Inahusu pia afya ya akili, na inahusu kumpeleka mtoto kwa daktari. Mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kuitumia. Kiasi ulichokusanya kinapaswa kuonyeshwa kwako kila kipindi cha mshahara. Kiangalie leo. Waulize pia ofisini kama kuna mshauri nasaha anayelipiwa na mwajiri, waajiri wengi wanaye na wafanyakazi wengi hawajui. Na usiku mawazo yakigeuka kuwa mazito kuliko uwezo wako, namba 988, ya msaada kwa wenye mzigo wa mawazo, hupokewa saa 24, bure.

Piga simu kliniki kesho asubuhi kabla ya zamu, uombe miadi kwa ajili ya kifua, na uiweke siku yoyote isiyo Jumanne.